Sabufa Iliyonyamaza Makindu



Ukumbi huu umezoea kukaa jikoni na kwenye kabati la nguo. Juma hili tunauhamishia sebuleni, penye lile sanduku jeusi ambalo wengine huliita wufa na wengine sabufa, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Makindu, kaunti ya Makueni. Mwenye barua ni dada yetu mzaliwa wa Mombasa ambaye ndoa ilimpeleka bara miaka tisa iliyopita. Barua ilianza kwa sabufa ikaishia kwa wifi yake, na hilo la pili ndilo lililotufanya tusiiweke kando.

Wifi huyo, dada wa mumewe, anakaa mjini Kitui. Alipokuwa akimwoza bintiye aliomba aazimwe sabufa kwa shughuli ya akina mama, naye dada yetu akampa kwa moyo mkunjufu. Chombo kikafungwa kwenye shuka, kikapakiwa matatu, kikapita Kibwezi, Ikutha na Mutomo hadi Kitui, na baada ya siku nne kikarudi kwa njia ile ile. Kiliimba siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Alasiri, kilinyamaza katikati ya darsa, taa yake ikazimika, na chumba kikajaa harufu ya kitu kilichoungua.

Aliyekuwa akisikiliza ni mavyaa wa dada yetu. Bibi huyo ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, hasomi tena, na kwa muda wa miaka miwili asubuhi na alasiri zake zimepita mbele ya sabufa ile, akisikiliza usomaji wa Qur'ani na darsa zilizopakiwa kwenye flashi na mjukuu wake. Sasa msomaji atambue uzito wa jambo: bibi huyu ndiye mama wa mwenye nyumba, na ndiye mama wa wifi wa Kitui. Dada yetu alipopiga simu Kitui na kusema, "Mmenirudishia chombo kibovu," bibi alikuwa ameketi papo hapo kwenye mkeka, akisikia binti yake anavyotuhumiwa. Tangu siku hiyo Makindu na Kitui hazikupigiana simu. Fundi mmoja alikitazama chombo kwa nje, akasema mashine yote ya ndani imekwisha na kwamba matengenezo ni shilingi 4,500. Swali la barua lilikuwa moja: je, ni haki kumdai wifi fedha hizo?

Sisi si makadhi. Hata hivyo tuliona kwamba kabla ya kuuliza nani kaharibu, ni lazima kwanza kuuliza nini kimeharibika, na swali hili la pili lina jibu linaloweza kushikwa kwa mkono. Tulikuwa na safari ya Kitui wenyewe, na mwenzetu mmoja katika ukumbi huu amesomea umeme. Tukashukia Makindu, mji uliozaliwa na reli ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, tukakaribishwa chai ya maziwa na mahamri, kisha tukaomba tuoneshwe mgonjwa.

Jambo la kwanza hatukuligusa sanduku lenyewe. Tulichomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile, simu ikapokea moto. Soketi ni nzima. Wako wasomaji watakaocheka, lakini nyumba nyingi zimelipa fundi kwa sababu ya soketi iliyolegea au waya wa kurefushia umeme uliokatika ndani ya ngozi yake. Baada ya soketi, plagi. Plagi zetu za Kenya za miguu mitatu zina fyuzi ndogo ndani, umbo la kidonge kirefu, na kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto. Waya mwembamba wa sabufa unatosheka na fyuzi ya ampea 3. Ya ampea 13 ni ya pasi na birika la umeme. Tulifungua plagi kwa bisibisi, tukakuta ya 13, nzima kabisa. Dada yetu akakumbuka kwamba plagi ile ilibadilishwa zamani, si Kitui.

Hapa tukatishe safari kidogo tuseme neno. Sabufa nyingi za bei nafuu huja na plagi ya miguu miwili, na tumeona kwa macho yetu, pwani na bara, watoto wakiingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili milango ya matundu mawili ya chini ifunguke. Tundu lile ndilo la ulinzi. Soketi ya nyumbani ina volti 240, na siku mtoto atakapokosa kijiti akachukua msumari, hataanza kwa kutafakari. Nunueni adapta ya miguu mitatu, bei yake haifiki ya kilo ya nyama.

Turudi Makindu. Soketi nzima, fyuzi ya plagi nzima, taa haiwaki, na harufu ya kuungua imesikiwa. Kwa dalili hizo shida imo ndani ya sanduku, na ndani ya sanduku si mahali pa mama wa nyumba wala pa mjukuu. Hata baada ya kuchomoa plagi, mle ndani mna vikopo vidogo viitwavyo kapasita ambavyo huendelea kuhifadhi umeme kwa muda. Tukamtafuta fundi mwingine, kijana mwenye kibanda karibu na stendi, tukamsihi jambo moja tu: afungue mbele yetu.

Wakati anafungua skrubu, tuwajibu wengine walioandika, maana si kila sabufa hunyamaza namna ya hii.

Ikiwa taa inawaka na hakuna sauti yoyote, usimwite fundi kabla ya kufanya haya. Tazama chombo kimewekwa kusikiliza nini: flashi, redio, waya wa televisheni au bluetuthi. Rimoti ikikaliwa na mtu kochini hubadilisha yote hayo bila mtu kujua. Tazama kama kitufe cha kunyamazisha hakijabonyezwa. Ikiwa ni bluetuthi, ulizia simu za nyumba nzima, na za jirani vilevile. Mama mmoja wa Wote alihangaika siku mbili kumbe sabufa yake ilikuwa imejiunga na simu ya kijana wa nyumba ya pili, ambaye naye alikuwa akishangaa muziki wake unakwenda wapi. Ikiwa ni televisheni, chomoa zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, uzichomeke tena kwa kuzizungusha kidogo, kisha jaribu nyaya nyingine. Vyombo vilivyotoka pwani vina ugonjwa wao: hewa ya chumvi hula ncha za shaba zikawa na ukungu wa kijani. Ugonjwa wa Kitui na Makueni ni vumbi jekundu. Chombo kilichoishi kote kuwili kina magonjwa mawili.

Ikiwa spika ndogo zinaimba lakini besi haisikiki, kwanza zungusha kitufe cha besi, kwani kina kitasa chake mbali na kile cha sauti. Kikikwaruza masikioni unapokizungusha, kimeingia vumbi, na fundi hukisafisha kwa dawa ya kupuliza. Kama besi bado haiji, mwambie fundi aijaribu spika kubwa kwa betri ya kawaida ya volti 1.5. Nyaya mbili za spika zikigusishwa na ncha mbili za betri kwa nukta moja, karatasi ya spika huruka na kutoa mlio wa "dup". Ikiruka, koili yake ni nzima. Isiporuka, waya umekatika au koili imeungua. Kipimo hiki hakina hatari na hakihitaji mashine, na fundi anayekikataa bila sababu tunamtilia shaka.

Namna ya spika hizi, ya koili inayochezea ndani ya sumaku, ilifanyiwa kazi Marekani na wahandisi wawili, Rice na Kellogg, na kutangazwa mwaka 1925. Hadi leo zinafanya kazi kwa kanuni ile ile, kwa hiyo magonjwa yake yanajulikana. Ukibonyeza karatasi taratibu kwa vidole vyote pande zote na kusikia mkwaruzo, koili imevimba au imekwenda upande. Ukingo wa mpira au sponji ukipasuka, sauti huwa ya kupapatika kama tiara iliyochanika.

Kwa wenye nyumba za sola, ambao ni wengi vijijini Kitui na Makueni, kuna mambo mawili. Sabufa inayozimika kila besi inapopiga kwa nguvu mara nyingi haina ugonjwa: betri imechoka, na pigo la besi hudai umeme mwingi kwa ghafla hata volti zikashuka chini ya kiwango. La pili ni waya wa volti 12. Mwekundu na mweusi vikibadilishana nafasi, hata kwa nukta moja, sahani ya ndani huweza kuungua papo hapo. Fungeni utepe wa rangi kwenye ncha zote, wala msimwachie mtoto kazi hiyo gizani.

Na mvumo ule wa "mmm" usiokoma hata sauti ikipunguzwa? Chomoa nyaya zote za kuingiza sauti. Mvumo ukiisha, shida ni waya au televisheni. Usipoisha, mara nyingi zile kapasita zimekauka au zimevimba vichwa. Ni matengenezo ya bei ndogo.

Sasa sanduku la Makindu liko wazi. Kitu cha kwanza tulichokiona ni vinyesi vya mjusi kafiri na maganda mawili ya mayai yake, na mwenye nyumba akapaza sauti kwa furaha kwamba mkosaji amepatikana. Fundi akatikisa kichwa. Mjusi akipita kwenye umeme mkubwa huacha alama nyeusi na mara nyingi mzoga wake, na hapa hapakuwa na kimoja wala kingine. Mjusi alikuwa mpangaji tu.

Fundi akaweka mita yake. Kwenye sahani palikuwa na vipande vitatu vyeusi vya miguu mitano, vya aina iitwayo TDA2030, kimoja kwa kila spika ndogo na kimoja kwa besi, vyote vimefungwa kwenye bamba la alumini la kupozea joto. Kile cha besi kilikuwa kimeungana ndani kwa ndani, umeme unapita bila kizuizi. Bamba lilikuwa limefunikwa na vumbi zito lililoshikana kama blanketi. Transfoma, ile inayoshusha volti 240 kuwa chache, mita ilionesha waya wake umekatika ndani, na karatasi yake ya njano ilikuwa imegeuka kahawia. Hapo ndipo ilipotoka harufu.

Mwenzetu akauliza jambo ambalo hatukulifikiria. Mbele ya transfoma pana fyuzi ya kioo. Kipande cha besi kilipoungana, fyuzi ile ilipaswa kukatika mara moja na kuiokoa transfoma. Mbona transfoma imeungua na fyuzi imenusurika?

Fundi akaichomoa fyuzi na kuiweka kwenye kiganja. Ilikuwa imezungushiwa uzi wa shaba kutoka ncha hadi ncha.

Pakawa kimya. Dada yetu akasema, "Haya ndiyo waliyoyafanya Kitui." Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu tulipoanza, akakohoa. Akasema ni yeye. Ilikuwa zaidi ya mwaka uliopita, usiku wa kuamkia Idi, fyuzi ilikatika, maduka yamefungwa, watoto wanataka kusikiliza. Aliuzungusha uzi kwa ajili ya usiku mmoja, kisha akasahau.

Hatukuwa na la kumlaumu kwa ukali, maana ni wangapi kati yetu hawajafanya hivyo, ama kwa uzi, ama kwa karatasi ya fedha ya sigara? Lakini tulimwambia wazi, na tunawaambia na ninyi. Fyuzi imetengenezwa ili ife ya kwanza. Ukiinyima kifo chake, kitakachokufa baada yake ni kikubwa zaidi, na safari hii kiliishia kwenye transfoma. Pembeni ya sabufa ile, kwa umbali wa shibri mbili, palikuwa na pazia, na mbele yake mkeka wa bibi asiyeona vizuri. Ukikuta fyuzi inakatika kila ukiweka mpya, hiyo ni taarifa kwamba ndani kuna ugonjwa. Ukiweka mpya, weka ya kiwango kile kile kilichoandikwa kwenye sahani au mgongoni mwa chombo.

Bado lilibaki swali la kwa nini kipande cha besi kiliungua, tena siku ya tatu baada ya kurudi. Tukamwomba dada yetu airudishe sabufa mahali pake kama inavyokaa siku zote. Akaisukuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Kisha akatandika juu yake kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, cha uzi mzito, chenye bitana, kinachoning'inia nyuma na mbele, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua. Kitambaa ni kizuri mno, tunakiri. Lakini matundu ya kupumulia ya sabufa ile yako mgongoni, na yote yalikuwa yamezibwa. Kule Kitui, tulivyokuja kuambiwa, iliwekwa juu ya meza katikati ya ukumbi bila kufunikwa, ikapiga siku nne bila kuchoka. Iliporudi nyumbani ikavishwa, ikabanwa ukutani, na kwa kuwa bibi alikuwa ameikosa, ikapigwa tangu asubuhi hadi Magharibi katika msimu ule wa joto la Makindu mnaolijua.

Kitambaa si haramu kwenye sabufa. Kifunike usiku au isipotumika, na inapopiga kivue. Acheni nafasi ya shibri moja nyuma yake, na kila mwezi, ikiwa imechomolewa, pitisheni brashi kavu ya rangi kwenye matundu. Mvua za vuli zikianza na radi kunguruma, chomoeni plagi kabisa, kwani swichi pekee haitoshi. Na sauti isifikishwe mwisho wa kitasa, maana hapo mashine hulazimishwa kutoa isichokuwa nacho, sauti hupasuka, na koili hupata joto. Isitoshe, wimbi la besi ya mitetemo 50 kwa nukta lina urefu unaokaribia mita saba, ukuta wa tofali haulizuii, na jirani mwenye mtoto mchanga hulipokea lote.

Fundi alibadilisha kipande cha besi na transfoma, akaweka fyuzi ya kioo mpya na ile ya plagi ya ampea 3, akasafisha vumbi. Kabla ya kuifunga spika aliijaribu kwa betri, ikaruka. Hilo ni muhimu, kwa kuwa kipande cha namna ile kinapoungana huweza kusukuma umeme wa moja kwa moja kwenye spika na kuiunguza, na anayenunua spika mpya bila kukitengeneza kipande huiunguza na hiyo pia. Alidai shilingi 1,900, vifaa na kazi. Tulimwomba atuachie vile vilivyoungua, akatupa bila kinyongo. Fanyeni hivyo kila mara.

Sabufa iliwaka saa kumi na nusu. Mjukuu akachomeka flashi, na darsa ikaendelea pale pale ilipokuwa imekatikia. Bibi akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Zimeni. Nipigieni simu ya Kitui kwanza."

Dada yetu alichukua simu akatoka nayo uani. Hatukumfuata. Tulisikia tu anaanza, "Wifi yangu, nina jambo la kukwambia, nawe nivumilie nilimalize," kisha mlango ukafungwa. Alikaa huko muda mrefu hata chai ya pili ikapoa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akampa mavyaa simu. Mumewe alijitolea kulipa zile 1,900, akisema uzi ulikuwa wake, na mkewe akajibu kwamba kitambaa kilikuwa chake, basi wakagawana.

Kesho yake tuliendelea na safari yetu ya Kitui kwa barabara ya Mutomo, tukiwa na kifurushi kutoka kwa dada yetu kwenda kwa wifi yake. Ndani yake mlikuwa na halua ya Mombasa, na kitambaa kile cha uzi mzito kwa ajili ya meza ya bi harusi.

Juma lijalo, inshaallah, tutarudi jikoni. Wasomaji watatu wameuliza juu ya nazi inayokatika tui, na wote watatu wanastahili jibu.

Wassalaam.